Barua kwa mwanangu aliyeko Lublin

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipokea Jumamosi, nikaisoma mara mbili kabla sijampa mama yako, naye akairudisha mezani kwangu akisema kwamba swali hili ni la kwako na baba yako. Unauliza kama ni halali kwako, uliyekulia chini ya picha ya Papa Yohane Paulo II iliyoko ukutani sebuleni, kuandika tasnifu inayomkosoa kama mwanafalsafa, na kama watu wa nyumbani hawatasema kwamba umekwenda Poland kusoma katika chuo kinachoitwa kwa jina lake ili umvunjie heshima. Nimekaa na swali hilo siku nne. Nitalijibu, lakini nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu kabla ya kujiuliza kama unaruhusiwa kumkosoa mtu, yafaa kwanza uwe na hakika kwamba unayemkosoa ni yeye.

Unalijua lile daftari la jalada jeusi lililo ndani ya sanduku la bati, chini ya vyeti vya ukatekista vya babu yako. Mlipokuwa wadogo, wewe na kaka yako, mlikatazwa kuligusa na hamkuambiwa kwa nini. Ndani yake mna insha ya kurasa 34 niliyoiandika mwaka 1984, nilipokuwa frateri, mwanafunzi wa upadri, wa mwaka wa pili wa falsafa. Padri mmoja mgeni alikuwa ametuachia tafsiri ya Kiingereza ya Osoba i czyn, kitabu chake cha falsafa juu ya mtu na tendo, ile iliyochapishwa mwaka 1979, miaka kumi baada ya kitabu chenyewe kuchapishwa kwa Kipolandi huko Kraków, na miezi michache tu baada ya mwandishi wake kuchaguliwa kuwa Papa. Seminari nzima ilikuwa na nakala hiyo moja. Tuliisoma kwa zamu, saa moja moja, na mimi niliomba zamu ya alfajiri kabla ya masifu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Sijapata tena kusoma kitabu kwa kiu ya namna ile.

Kilichonishika ni tofauti moja anayoirudia katika hoja zake, kati ya kinachotokea ndani yangu na kile ninachokitenda. Moyo unadunda, njaa inauma, hasira inapanda, hayo yananitokea. Lakini ninaposema nimesamehe, au nimekataa, hapo chanzo ni mimi, na tendo hilo haliishii nje yangu, bali linanirudia na kunifanya niwe mwema au mwovu. Tulizoea kufundishwa kuanza na mtu ni nini, kisha kushuka kwenye matendo yake. Yeye aligeuza njia, akaanza na tendo ili tendo lenyewe limfunue mtenda. Nilikuwa na umri wa miaka 22, nikijiuliza kila usiku kama wito wangu ni jambo ninaloliamua au ni jambo linalonitokea tu, na hapa palikuwa na profesa ambaye sasa ni Papa, akiniuliza swali hilohilo kwa utaratibu na subira.

Insha yangu ilidai kwamba Wojtyła, ndilo jina lake kabla hajawa Papa, amemwacha Tomaso wa Akwino, yule ambaye falsafa yake ndiyo tuliyofundishwa. Nilijua kwamba mwaka 1953 aliwasilisha tasnifu yake juu ya mwanafalsafa Mjerumani Max Scheler, na kwamba hitimisho lake lilikuwa la tahadhari: mfumo wa Scheler hautoshi kuwa msingi wa maadili ya Kikristo, ingawa njia yake ya fenomenolojia, ya kuchunguza mambo kama yanavyojitokeza katika ufahamu, inafaa kueleza yale mtu anayoyapitia anapotenda jema au baya. Mimi nikasema kwamba kufikia 1969 tahadhari hiyo imekwisha, amevuka mto. Ushahidi wangu ulikuwa msamiati. Nilihesabu ni mara ngapi anazungumza kwa maneno ya fenomenolojia, na ni mara chache kiasi gani yanatokea yale maneno ya shule tuliyoyakariri kwa Kilatini. Jalimu, mwalimu wetu, alinipa alama za juu kuliko wote, na gombera, mkuu wa seminari, akanitaja kwa jina wakati wa chakula cha usiku.

Siku nilipoisoma darasani, frateri mmoja, kijana mpole ambaye hakuwa na mazoea ya kusema, alisimama akauliza kama ni jambo la kuaminika kwamba mtu aliyefundisha maadili Lublin miaka yote ile, katikati ya Watomaso, amwage mafundisho hayo bila kuaga. Nilimjibu mbele ya wote kwamba tatizo lake ni kutojua kusoma. Darasa lilicheka. Yeye alikaa, akafunga daftari lake, na hakuuliza swali jingine muhula ule.

Baada ya majuma mawili, katika utume wa Jumapili, nilikutana na mmisionari kutoka Poland, mzee mwenye pikipiki na rafu moja ya vitabu. Nilimweleza insha yangu kwa fahari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa Osoba i czyn ya mwaka 1969, kitabu kilichokwisha kupasuka uti, akaniketisha karibu naye. Kipolandi sikujua hata neno moja. Lakini alipitisha kidole juu ya mistari, na pale kidole kiliposimama palikuwa na neno nilitambualo, la Kilatini, limekaa wazi katikati ya Kipolandi: suppositum. Akafunua kurasa nyingine, na kidole kikasimama tena: suppositum. Ni lile neno la Watomaso la kumtaja mwenye kuwapo, yule ambaye matendo yote ni yake na yote yanayotokea ndani yake ni yake. Katika nakala yetu ya seminari neno hilo lilikuwa limegeuzwa, hapa likapewa maneno haya, kule maneno mengine, mpaka msomaji asingeweza kujua kwamba ni jambo moja linalorudiwa. Nilikuwa nimehesabu msamiati wa mfasiri na mhariri, nikauita wa Wojtyła.

Hapo ndipo ulipozaliwa msemo ambao wewe na kaka yako mmechoka kuusikia kwangu, kwamba mtu asomwe katika lugha aliyofikiria. Ulipoanza kujifunza Kipolandi na kulalamika kwamba nomino zake hubadilika umbo kwa namna saba kufuatana na kazi yake katika sentensi, nilinyamaza kwenye simu kwa sababu nilikuwa natokwa na machozi.

Sitaki, hata hivyo, kukurahisishia jambo ambalo si rahisi. Tafsiri ile ya 1979 ilieleza kwamba ni matini ya mwisho iliyoandaliwa kwa ushirikiano na mwandishi mwenyewe. Andrzej Potocki ndiye aliyefasiri, na Anna-Teresa Tymieniecka, mwanafalsafa wa fenomenolojia, akaifanyia kazi pamoja na Wojtyła kabla hajawa Papa. Basi wakati mwingine najiuliza kama nilijihukumu mno. Kama mwandishi aliyaridhia mabadiliko hayo, je, si mawazo yake pia? Kisha najijibu kwamba wanafunzi na marafiki zake wa Lublin waliyapinga, na kwamba toleo la Kipolandi lililotoka huko mwaka 1994 halikuifuata njia ya Tymieniecka. Kisha tena najiuliza kama wanafunzi wa mtu ndio wenye haki ya mwisho juu ya maneno yake. Tafsiri mpya ya Grzegorz Ignatik ya mwaka 2021, ile uliyoniletea ulipokuja likizo, nimeilinganisha na daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Suppositum imerudi mahali pake. Zile kurasa nilizozitolea ushahidi, karibu zote, zimeanguka.

Usidhani hili ni jambo la kitabu kimoja. Katekesi za Jumatano juu ya mwili na upendo, alizozitoa kuanzia Septemba 1979 hadi Novemba 1984, zilisomwa duniani kote kama hotuba moja moja, mpaka Michael Waldstein alipoandaa tafsiri yake ya mwaka 2006 na kukuta katika matini ya Kipolandi vichwa vya habari vya mwandishi mwenyewe, vinavyoonyesha kwamba kazi nzima ilijengwa kama kitabu. Watu walikuwa wamebishana juu ya muundo wake zaidi ya miaka ishirini.

Nawe utakuwa na mzigo ambao Mpolandi hana, kwa sababu siku moja utatakiwa kuyasema haya kwa Kiswahili. Osoba, lile neno la kwanza katika jina la kitabu, utaiitaje? Katekisimu yetu imekwisha kutumia nafsi kwa Utatu Mtakatifu, Nafsi tatu katika Mungu mmoja, na hilo ni neno zito na zuri. Lakini katika maongezi ya kila siku nafsi inaegemea ndani, ndiyo inayomsuta mtu usiku, na Wojtyła hataki mwili ubaki mlangoni. Kaka yako aliwahi kunishikilia kwamba tafsiri sahihi ni utu. Nilikataa na bado nakataa, kwa kuwa sisi husema juu ya mkatili kwamba hana utu, na tunamaanisha hivyo, ilhali kwa Wojtyła hakuna ukatili unaoweza kumwondolea mtu kuwa osoba. Ndiyo maana hata mkatili anahukumiwa, maana matendo yake ni yake. Siku hizi naelekea kwenye mtu tu, neno la kawaida kabisa. Mwaka 1960, kurasa za mwanzo za kitabu chake juu ya upendo na wajibu, alianza kwa kutenganisha aliye mtu na kilicho kitu, kisha akajenga juu ya hapo kanuni yake kwamba mtu hafai kutumiwa kama chombo, bali anastahili kupendwa. Sisi tuna mzizi mmoja, -tu, na kiambishi peke yake kinaamua kama unasema juu ya wa kupendwa au cha kutumiwa. Lakini labda napendelea neno hili kwa kuwa ni langu. Lipime wewe.

Sasa narudi kwenye swali lako. Mwezi Desemba 1970 wanafalsafa walikaa hapohapo Lublin wakakijadili kitabu hiki, na mwandishi alikuwapo, tayari ni kardinali. Miongoni mwa waliotoa hoja walikuwa Krąpiec na Kalinowski, na hawakumpamba. Walihoji njia yake, wakauliza kama kweli amefanya metafizikia, uchunguzi wa kuwapo kwenyewe, au maelezo ya ufahamu tu. Hoja hizo zilichapishwa pamoja na majibu yake. Na alipokuwa Papa, katika waraka wake Fides et Ratio wa mwaka 1998, aliandika kwamba Kanisa halina falsafa yake lenyewe wala haliifanyi falsafa moja kuwa rasmi juu ya nyingine. Utaniambia kwamba mwaka 1970 hakuwa Papa, wala hakuwa mtakatifu kama alivyotangazwa mwaka 2014, na kwamba wale walikuwa wenzake. Ni kweli, na sina jibu kamili kwa hilo. Shangazi yako akisikia neno kukosoa atawasha mshumaa. Lakini Osoba i czyn haikuandikwa kutoka kwenye kiti cha Petro, na nadhani angeshangaa kuona inasomwa kama waraka wa kichungaji.

Soma sura ya mwisho, ile ya ushiriki. Anataja mienendo miwili ya kweli ndani ya jumuiya: mshikamano, na upinzani. Ndiyo, upinzani, ule wa mtu asiyetoka nje ya jumuiya bali anapinga kwa sababu anaitaka. Kisha anataja miwili ya uongo: kufuata mkumbo, na kukwepa. Niliisoma sura hiyo kwa zamu zangu za alfajiri mwaka 1984, nikanakili mistari yake. Niliporudi kutoka kwa yule mmisionari nilijua kwamba insha yangu ni kosa, na nilijua ni nani aliyeliona kosa hilo kabla yangu. Sikumwambia jalimu. Sikumwambia gombera. Yule frateri aliyeuliza swali alikuwa amefanya upinzani wa kweli, na mimi, niliyeishika sura hiyo karibu kwa moyo, nilichagua kukwepa, mwaka huo na miaka iliyofuata, mpaka nilipotoka seminari kwa sababu mnazozijua. Alipadirishwa, akafanya kazi vijijini, akafariki kabla sijamfikia. Nilihudhuria maziko yake nikiwa na daftari hilo ndani ya mkoba, sijui kwa nini.

Unataka pia nikuambie kama alifaulu kuwaunganisha Tomaso na Scheler. Nina maoni, na nimeyabeba miaka arobaini. Nimeanza kuyaandika hapa mara mbili nikayafuta, kwa kuwa ukiyapata kwangu utayatafuta katika kitabu, na utayaona hata kama hayamo. Kalamu inaniwasha, lakini sisemi. Soma kwanza kwa Kipolandi. Mtu asomwe katika lugha aliyofikiria. Ukifika mwisho uniandikie lako, nami nitakutumia langu siku hiyohiyo.

Daftari jeusi nimempa kaka yako alipige picha kurasa zote akutumie. Ukurasa wa 19 una mstari mwekundu pembeni, niliouweka usiku ule niliporudi kutoka utume. Nitafutie mahali hapo katika toleo la 1969, liko maktabani kwenu bila shaka, uniandikie neno lililopo.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama lile koti linatosha kwa baridi ya huko.

Baba yako akupendaye