Kuchonga Ndege za Kivita Ambazo Hazikujengwa: Maswali na Majibu

Kuna faida gani kuchonga mfano wa ndege ambayo haikuwahi kuruka? (Msomaji, Chumbageni)

Ndugu yangu, faida ni kwamba mikono yako inauliza maswali ya mhandisi. Chukua Ta 183, ndege ya jeti ya kampuni ya Focke-Wulf iliyobuniwa na Hans Multhopp nchini Ujerumani: mabawa yake yamelala nyuma kwa nyuzi 40, na mkia wa wima umeinamia nyuma huku mabawa madogo ya mkia yakikaa kileleni kabisa. Ukishika mfano wake unajiuliza papo hapo kama mkia mwembamba namna ile ungestahimili mwendo wa kasi. Vita vya Pili vya Dunia viliisha mwaka 1945 kabla haijajengwa, kwa hiyo hakuna rubani aliyepata kutupa jibu.

Nina mchoro mmoja usio na vipimo. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Ngamiani)

Anza na kipimo kimoja cha uhakika. Upana wa mabawa ya Ta 183 ulipangwa kuwa mita 10. Ukigawanya kwa 72 unapata milimita 139, na huo ndio upana wa mfano wa 1:72, yaani mdogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Ikiwa kwenye karatasi yako upana huo ni milimita 100, zidisha kila kipimo kwa 1.39. Kisha hakikisha kwamba urefu wa ndege unalingana katika picha ya juu na ya ubavuni, kwa sababu mchoro ulionakiliwa mara nyingi huwa umevutika upande mmoja.

Balsa, ule mti mwepesi wa kuchongea mifano, siipati mjini. Nitumie nini? (Fundi seremala, Pongwe)

Fundi, mti wako uko shambani. Mkonge huchanua mara moja tu, ukatoa mlingoti mrefu, kisha ukafa. Mlingoti huo ukikauka, moyo wake huwa mwepesi na hukatika kwa wembe. Ondoa gome lote. Vinyweleo vyake hunywa rangi, kwa hiyo changanya gundi ya mbao na vumbi la msasa, upake, uache ukauke, upige msasa laini, na urudie mpaka kidole kisikwame popote. Bawa langu la kwanza nililipaka upande mmoja nikaenda kulala. Kufikia asubuhi, kwa unyevu wa masika, lilikuwa limejikunja kama jani la mkungu. Paka pande zote mbili siku hiyo hiyo. Mkia mwembamba ukate kwenye plastiki ya kopo la aiskrimu.

Mabawa matatu ya Triebflügel, ndege iliyobuniwa kupaa wima kwa mabawa yanayozunguka kiwiliwili chake, yangezungukaje bila kukizungusha kiwiliwili hicho? (Msomaji, Raskazone)

Katika ubunifu huo wa Focke-Wulf wa mwaka 1944, ramjeti (injini za jeti zinazotegemea hewa inayoingia kwa kasi ya mwendo) zilipangwa kukaa kwenye ncha za mabawa, si ndani ya kiwiliwili. Kwa kuwa msukumo ulitoka nchani, hakukuwa na mtaimbo wa injini wa kukisukuma kiwiliwili kinyume. Ramjeti haiwaki ikiwa imesimama, ndiyo maana roketi ndogo zilikusudiwa kuyaanzisha mabawa. Kwenye mfano, yazungushie juu ya kipande cha mrija wa kalamu, nayo yatazunguka kwa pumzi ya mdomo.

Niipake rangi gani? (Msomaji, Chumbageni)

Rangi ya ndege ambayo haikujengwa ni makisio, na mtazamaji ana haki ya kulijua hilo. Mimi huiacha na kijivu cha praima, yaani rangi ya kutangulizia, na chini ya kibao chake huandika kwa kalamu kila sehemu niliyoikisia. Kwenye Ta 183 yangu nimeandika milango ya magurudumu na kiti cha rubani.