Maswali na majibu: Mgonjwa wa saratani anapolalamikia mgongo

Maswali ya safari hii yametoka kwa wahudumu wa zamu, na yote yanahusu jambo moja: saratani iliyosambaa hadi kwenye pingili za mgongo na kuanza kubana ugwe, ile neva kuu inayopita ndani yake. Ni dharura.

Kila siku napokea watu wanaoumwa mgongo. Nitamtambuaje huyu? (Tabibu)

Uliza kwanza kama amewahi kutibiwa saratani, hata miaka mingi iliyopita. Ya titi, ya mapafu na ya tezi dume ndizo zinazoongoza kwa tatizo hili. Lakini asiyejijua kuwa na saratani naye usimpitilize, maana takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hugundulika kwa njia hii.

Kisha sikiliza maumivu yenyewe. Mgongo uliochoshwa na kazi kwa kawaida hupata nafuu mtu akilala. Huyu akilala chali ndiyo anazidiwa. Yanamwamsha usiku, yanamchoma akikohoa au akijikamua chooni, na kila wiki yanapanda. Akikwambia anahisi amebanwa mkanda kifuani au tumboni, tafadhali usikimbilie kumwandikia dawa za vidonda vya tumbo, mchunguze mgongo. Sehemu ya kifuani ya uti wa mgongo ndiyo inayoshambuliwa zaidi, kwa hiyo maumivu ya katikati ya mgongo yakushtue.

Mgonjwa wangu bado anazuia mkojo vizuri. Nisubiri? (Muuguzi)

Usisubiri hata kidogo. Mkojo na haja kubwa huharibika mwishoni, na wakati huo mengi yameshapotea. Anayeanza matibabu akiwa anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza, ni mara chache miguu ikarudi. Hili linaniuma, kwa sababu maumivu huwa yametangulia wiki kadhaa, hata miezi, na mtu alikuwa anayasema.

Tazama miguu. Mwambie anyanyuke kitini bila kushika popote, atembee hatua chache mbele yako. Je, anashika ukuta? Anajikwaa? Siku hizi ngazi zinamshinda? Akisema miguu imekuwa mizito, mwamini hata kama nguvu unaziona nzuri ukimpima kitandani. Gonga pingili taratibu, moja baada ya nyingine, uone ipi inamshtua. Chukua kipande cha pamba, kipitishe kutoka mguuni kupanda tumboni hadi kifuani. Pale anaposema "hapa sasa nakusikia vizuri", paandike kwenye faili pamoja na saa. Muulize pia kama anajihisi sawasawa anapojipangusa chooni, na upapase kibofu: kinaweza kujaa bila yeye kujua.

Eksirei imetoka safi. Inatosha? (Tabibu)

Haitoshi. Mfupa unaweza kuliwa karibu nusu kabla eksirei haijaonyesha kitu. Kinachohitajika ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ya uti wote wa mgongo, kwa kuwa panaweza kubanwa zaidi ya mahali pamoja. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka ifanyike ndani ya saa 24 kwa mwenye dalili za neva, na ndani ya wiki moja kwa mwenye maumivu ya kutiliwa shaka peke yake.

Nifanye nini wakati rufaa inasubiriwa? (Muuguzi)

Piga simu, usitegemee barua tu. Kwa mwenye dalili za neva, deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) miligramu 16 ndiyo dozi ya kuanzia iliyozoeleka, pamoja na dawa ya kulinda tumbo na kupima sukari. Ikishukiwa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ongea na bingwa kwanza, kwani dawa hiyo inaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe. Kama kujisogeza kunazidisha maumivu au udhaifu, alale chali, na mkimgeuza, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja. Na mpe dawa ya maumivu inayotosha, mofini ikibidi.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani aambiwe nini? (Mtaalamu wa fiziotherapia)

Mwandikie dalili hizi kwenye karatasi, pamoja na namba ya kupiga, na ndugu anayemuuguza asikie mkiongea. Miguu ikianza kulegea, asingoje tarehe ya kliniki. Apige siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili usiku.