Kabla ya mpira wa kuzama, fundisha tairi

Ugoko wangu wa kushoto una doa la zambarau, na ukilitazama kwa karibu utaona alama za mshono wa mpira. Nililipata Februari, ndani ya gereji yetu hapa Minnesota, Marekani. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu mkononi, na binti yangu wa miaka 12 yuko hatua saba mbele yangu. Mpira ulikuja umenyooka, nikaufungulia glavu, kisha ukazama ghafla, ukapiga sakafu na kunivaa mguuni. Nikapiga ukelele. Yeye akaruka kwa furaha: "Mama, umeona ilivyozama?" Habari ya mguu wangu hakuuliza.

Kabla ya siku ile tulikuwa tumepoteza karibu miezi minne, na kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana naandika, kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao mabinti zao wameingia softiboli ya kasi, ule mchezo wa kurusha mpira kwa mkono unaopita chini na kuupiga kwa gongo, na sasa wanadai kufundishwa dropu, yaani mpira wa kuzama unaoshuka ghafla ukimkaribia mpigaji, kwa sababu mwenzao wa timu ya pili anayo.

Mimi nimekulia Kilifi. Shule ya msingi tulicheza raunda, mpira wa tenisi na kipande cha mti, na anayerusha alipitisha mkono chini. Kwa hiyo mwanangu alipoanza huku, nilidhani softiboli ni raunda iliyovaa sare. Kumbe! Mtoto wa umri wake anasimama futi 40 kutoka kwa mpigaji, kama mita 12, anazungusha mkono duara zima mithili ya pangaboi, na mpira unafika kwa kama nusu sekunde. Tena ni mpira wenye mzingo wa inchi 12, mgumu, usio na ulaini wowote pamoja na jina lake. Akifika miaka 13 au 14 atarudishwa nyuma hadi futi 43, na hapo atabaki hata akifika Olimpiki.

Sasa kosa langu. Mpira wa kuzama unarushwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, vidole vinauvuta mpira kwa nyuma kwenda juu wakati unatoka mkononi. Ya pili, mkono unapinduka juu ya mpira, kidole gumba kikielekea kwenye nyonga ya upande wa pili, kama mtu anayefunga bomba kwa hasira. Mimi nilitazama video usiku mmoja baada ya zamu, nikaipenda hiyo ya pili kwa sababu inaonekana ya kitaalamu, na Jumamosi nikaanza kumfundisha mtoto wa miaka 11. Wiki ya tatu akaanza kushika kigasha, upande wa ndani, karibu na kiwiko. Akanificha siku mbili. Nilijua pale alipomimina maziwa kwa mkono wa kushoto.

Daktari akasema apumzike wiki mbili asiguse mpira. Nikazitumia wiki hizo kujiuliza kitu ambacho ningepaswa kujiuliza mwanzo: hivi mpira unazama kwa nini?

Jibu lilinirudisha nyumbani. Kaka zangu walikuwa wakiendesha matairi ya baiskeli kwa kijiti, barabara ya vumbi, mchana kutwa. Tairi linakwenda mbele na sehemu yake ya juu inatangulia kushuka mbele. Mpira wa kuzama ni tairi lile lile, ila linabingirika hewani. Mpira ukizunguka hivyo unaisukuma hewa juu, na hewa inaurudisha chini, juu ya mvuto wa kawaida wa ardhi. Mjerumani Gustav Magnus aliieleza nguvu hii katikati ya karne ya 19, akiwa na habari za mizinga na si za mabinti wenye nywele za mabutu. Kilichonigusa mimi ni jambo moja: hakuna mahali katika maelezo hayo ambapo mrushaji anaukandamiza mpira chini. Mzunguko ndio unaofanya kazi. Mtoto anayejaribu kuushusha mpira kwa nguvu ya mkono anaharibu kile kile kinachoushusha.

Kwa hiyo nilipomrudisha mazoezini nilikataza neno "dropu" ndani ya gereji. Tukawa tunasema "tairi" tu.

Kifaa cha kwanza hakikuwa mpira. Minnesota ni nchi ya hoki, kila nyumba ina kile kisahani cheusi cha mpira mgumu cha kuchezea kwenye barafu, na kwetu kilikuja na nyumba, tulikikuta chini ya ngazi. Kina upana wa inchi 3 na uzito unaokaribia wa mpira wenyewe. Mtoto anakishika kimesimama wima, ukingo wake umelalia ncha za vidole, kiganja kinamtazama mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, vidole vinatazama chini. Anakiachia kwa mkono uliotulia kando ya nyonga, bila duara, akivuta vidole juu kama anayepandisha zipu ya koti. Kikitoka vizuri kinatua na kubingirika moja kwa moja sakafuni hadi ukutani. Mkono ukilala upande hata kidogo, kinayumba, kinapinda, kinaanguka chali. Huhitaji kocha wala kamera, sakafu inakwambia.

Siku ya kwanza alikibingirisha mara 3 kati ya 20. Mimi nilipojaribu nilipata moja, na ile moja ilikwenda ikagonga debe la rangi. Tulikaa na kisahani wiki mbili nzima, dakika kumi kila jioni, na nakuomba usifupishe hapa. Hapa ndipo kila kitu kinapojengwa. Ukiona mtoto amechoshwa, mwekee chupa tupu za maji mwisho wa gereji azipige.

Ndipo tukashika mpira. Vidole vinakaa kukatiza mshono pale unapojipinda kama kwato ya farasi, ncha za vidole juu ya uzi wenyewe, ili kuwe na kitu cha kuvuta. Vidole vya katikati ndivyo vinavyofanya kazi. Mwenye kiganja kidogo atumie vidole vyote vinne, hakuna dhambi. Kiganja kisiuguse mpira, pawe na nafasi ya kupitisha mwanga. Kidole gumba kinatoka kwanza, na vidole vinaondoka mwisho vikipanda nyuma ya mpira.

Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mpana kuuzunguka mpira mzima, sawa na vidole vinavyoelekea. Mpira ukiruka na mstari ukibaki wima, mwembamba, uliotulia, mzunguko ni wa tairi. Mstari ukipepesuka, kifundo cha mkono kimelala. Na kuna kosa moja la siri: mpira unaozunguka kama keekee inayotoboa ukuta, ncha ikimtazama mpigaji. Huo unapendeza macho, unalia hewani, na hauzami hata ukiusomea dua. Karibu kila mtoto aliyezoeshwa kupinda mkono mapema anao, na mwanangu alikuwa nao kwa sababu yangu.

Miguu haikutuchosha. Piga mstari kwenye udongo mguu wake unapotua akirusha mpira wa kasi wa kawaida, kisha mwambie atue nyuma ya mstari huo kwa upana wa kiganja. Hatua ikifupika, mwili wenyewe unafika juu ya mguu wa mbele na mpira unatoka ukielekea chini. Usimwambie ainame. Mwanangu nilimwambia ainame, akawa anarusha kama bibi anayetafuta sindano, na mgongo ukaanza kumuuma.

Kupima tulitumia kamba ya kuanikia nguo. Tuliifunga kati ya viti viwili, hatua mbili mbele ya ubao anaposimama mpigaji, usawa wa goti. Mpira upite juu ya kamba, kisha uingie kwenye glavu iliyo chini ya goti. Mpira wa kawaida ukipita juu ya kamba unafika karibu usawa ule ule. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mchezo mzima, kwa maana mpigaji ameshaanza kupiga gongo lake pale alipouona mpira, na mpira haupo tena pale.

Ukikosa kuzama, lakini, ni zawadi. Mpira wa kuzama huwa na kasi kidogo pungufu, na ukibaki usawa wa kiuno msichana yeyote mwenye misuli ataupeleka nje ya uzio. Ndiyo sheria yetu: ukikosea, kosea chini. Afadhali upige udongo.

Ila udongo nao una mambo yake. Juni iliyopita, kwenye mashindano ya jua kali, mwanangu aliutumia mpira ule kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Wasichana watatu mfululizo walipiga hewa kwa straiki ya tatu, yaani kosa la tatu ambalo kwa kawaida humtoa mpigaji. Mimi kwenye benchi la wazazi niko juu, napiga vigelegele kama harusini. Nilipotazama tena uwanjani, besi, vile vituo vya kukimbilia, zilikuwa na watu wawili. Straiki ya tatu isipodakwa kabla ya mpira kugusa ardhi, na besi ya kwanza iko tupu, au wawili wameshatolewa, mpigaji ana ruhusa ya kukimbia. Mpira wa kwanza ulimpita mdakaji chini ya mguu hadi kwenye uzio, na mpigaji akakimbia hadi besi ya pili. Wa pili tulimtoa. Wa tatu mpira ulimgonga kifuani ukaenda pembeni. Mtoto yule mdakaji alivua kofia yake ya chuma akalia pale pale, na mama yake alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Alikuwa na haki. Nilimfundisha mmoja, nikamsahau mwenzake. Tangu Jumanne iliyofuata wanafanya pamoja: mwanangu anarusha makusudi kwenye udongo, mdakaji anaanguka magoti yote mawili, glavu inaziba kati ya miguu, kidevu kifuani, na kazi yake si kuudaka bali kuufanya ufie mbele yake. Kama huna mdakaji aliyezoea hivyo, usiruhusu mpira huo kwenye straiki ya tatu.

Mtaniuliza aanze lini. Miaka siihesabu tena. Mimi natazama kama mpira wake wa kawaida unafika kwenye glavu pale ilipowekwa mara saba kati ya kumi, na kama ana mpira wa polepole wa kumchanganya mpigaji. Akiwa hana hivyo viwili, mpira wa kuzama ni pambo. Na huo wa kupindua mkono, kwangu mimi usubiri hadi mwili ukomae na kuwe na mwalimu anayemwona kwa macho. Makocha wengine watanipinga. Wanipinge, kiwiko ni cha mwanangu.

Watoto wenyewe wanataka kuona wakubwa, na wana haki. Mwonyeshe wako Cat Osterman, yule mrefu wa mkono wa kushoto kutoka Texas, aliyepata dhahabu ya Olimpiki Athens 2004 na fedha Beijing 2008 na Tokyo, michezo iliyochezwa 2021. Mpira wake wa kuzama ndio uliowasumbua wapigaji miaka yote. Tazameni vidole vyake baada ya mpira kutoka, wala msitazame mpira. Yukiko Ueno wa Japani naye mwonyeshe, lakini kwa tahadhari: Beijing alirusha mipira 413 katika siku mbili, michezo mitatu, nchi yake ikachukua dhahabu. Mwanangu aliposikia namba hiyo macho yalimtoka kwa hamu. Nikamweleza kuwa yule alikuwa mtu mzima wa miaka 26 mwenye fainali ya Olimpiki mbele yake, na wewe una mtihani wa hesabu kesho.

Maana wapo wanaosema kurusha mkono ukipita chini ni mwendo wa asili, haumchoshi mtu. Si kweli. Bega linachoka, na kigasha pia. Katika mashindano tuliyokwenda sisi sijaona mtu anayehesabu mipira ya watoto hawa, kwa hiyo nahesabu mwenyewe, kwa kuhamisha njegere mbichi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mazoezini mipira ya kuzama haizidi 25, na si siku mbili mfululizo. Dalili ya uchovu huanzia kwenye ule mstari wa wino: ukianza kupepesuka wakati dakika tano zilizopita ulikuwa umesimama, tunafunga, hata kama yeye anaapa hajachoka. Mipira mitano ya mwisho huwa ya kasi ya kawaida, hatua yake ndefu ya kila siku, ili mwili usije ukausahau mpira wa kwanza kwa kumpenda wa pili.

Na wewe mzazi wa kwenye ndoo, nunua vikinga ugoko. Mimi nilivipata vya mitumba, dola 15, vina jina la mtoto wa watu limeandikwa kwa kalamu upande wa ndani. Vinanibana mashavu ya miguu, lakini nakaa navyo hata Minnesota ikiwa na theluji, mlango wa gereji umefungwa, na yeye ameshauinua mkono.