Maswali yenu: kutafuta kazi huku unalea

Nampeleka mwanangu kituo cha familia kucheza. Juzi nimemkuta mshauri wa ajira. Amefuata nini kwa watoto?

Amewafuata wazazi. Mwenye mtoto wa miaka miwili hapangi foleni ofisi ya ajira, ila kituoni haachi kwenda. Uingereza, Sheria ya Malezi ya Watoto ya 2006 inahesabu msaada wa kuwatafutia wazazi kazi miongoni mwa huduma za watoto wadogo, sambamba na afya. Na mshauri anayeijua kazi yake hajifungii chumbani. Hukaa mkekani katikati ya wanasesere, mazungumzo yakaanzia hapohapo.

Nimelea miaka 6. Kwenye wasifu niandike nini?

Ukweli, mstari mmoja: "2019 hadi 2025: malezi ya watoto wangu." Usijipachike cheo cha "meneja wa kaya", msaili atacheka moyoni. Lakini kama ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha wazazi, hapo usione haya: taja mlikuwa wangapi na daftari la hesabu ulilitunzaje.

Mshahara si utaishia kwa mlezi?

Huenda, ndiyo maana hesabu inatangulia barua ya maombi. Kaa na mshauri, mwandike mshahara baada ya makato, nauli, malipo ya mlezi, na ruzuku itakayopungua ukianza kulipwa. Kisha hesabuni saa. Kazi ya saa 8, mapumziko saa moja, njiani nusu saa kwenda na nusu kurudi: mlezi unamhitaji saa 10, siyo 8. Wengi hujikwaa mwezi wa kwanza, maana mlezi anaweza kutaka chake mapema na mshahara uko mwisho wa mwezi. Uliza kama kuna msaada wa kuziba pengo hilo.

Mimi ni baba. Kituoni wamejaa akina mama tu.

Nenda. Na kama mabango yote yana picha za akina mama, waambie.

Naendesha kituo. Mshauri huja mara moja kwa mwezi, wala haonwi na mtu.

Mtoto akipata homa siku hiyo, mzazi amesubiri miezi miwili. Mwombe aje kila wiki, siku ileile, saa ya michezo. Na kwenye ripoti usihesabu waliopata ajira peke yao. Yule aliyejiandikisha kozi ya jioni naye muingize.