Nimeokoka na Nina Tatoo, Nifanyeje? Mnauliza, Tunajibu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni dada wa miaka 27, nimeokoka mwaka jana. Kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, nina tatoo ya jina la jamaa niliyekuwa naye zamani. Nilipoingia kwaya nikawa navaa mikono mirefu kila siku, ila kwenye mazoezi fulani joto lilizidi nikakunja shati nikajisahau, mama mmoja wa kwaya akanishika mkono akauinua juu wenzangu wote waone, akasema "huyu ndo anatuongozea sifa?" Mwenyekiti kanisomea Walawi 19:28 kisha kaniambia nikae pembeni mpaka niifute. Rafiki yangu anasema kuna dawa ya kupaka inachubua ngozi na jina linatoka lote. Nifanyeje? Nimechoka kulia.

JIBU: Amina dada yangu, pole sana. Naanza na hiyo dawa kwa sababu ndo ya haraka: usiipake. Wino wa tatoo haujakaa juu ya ngozi, umeingia tabaka la chini yake, ndo maana unaoga miaka na miaka na jina lipo. Dawa ya kuchubua inaunguza ile ngozi ya juu, unapata kidonda na baadaye kovu, na mara nyingi jina bado linasomeka ndani ya kovu. Kinachotumika hospitali ni lesa, mwanga wake unauvunja wino vipande vidogo vidogo halafu mwili wenyewe unavibeba taratibu, kwa hiyo unarudi mara kadhaa na kati ya mara moja na nyingine unaacha wiki kadhaa ngozi ipone. Wino mweusi unatoka vizuri kuliko kijani au njano. Ukiamua, nenda kwa daktari wa ngozi aliyezoea ngozi nyeusi maana lesa isiyo sahihi inaacha mabaka meupe.

Ila mimi sioni kama unalazimika kuifuta, na nitakwambia kwa nini.

Mstari wenyewe unasema hivi: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu, mimi ndimi Bwana." Angalia hayo maneno "kwa ajili ya wafu". Israeli walikuwa wamezungukwa na watu waliojikatakata kwenye misiba na mbele ya miungu yao, ukisoma 1 Wafalme 18:28 utawaona manabii wa Baali wanajikata kwa visu mpaka damu inabubujika, na Mungu akawaambia watu wake msiwe hivyo, ninyi ni wangu. Sasa mstari wa juu yake kabisa, wa 27, unakataza kunyoa denge, yaani nywele za pembeni mwa kichwa, na kuharibu pembe za ndevu, na wa 19 unakataza kuvaa nguo ya nyuzi za namna mbili. Hakuna kanisa linalomsimamisha mwanakwaya kwa sababu kanyoa ndevu au shati lake ni pamba iliyochanganywa na kitu kingine. Huwezi kuchukua mstari mmoja ukaufanya sheria ya kanisa, jirani yake ukaupita kimya. Na mitume walipokaa Yerusalemu kuamua watu wa mataifa wabebe nini katika torati, Matendo 15, waliandika mambo machache tu: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa (yaani wanyama walionyongwa), uasherati. Alama za mwilini hazimo.

Niwatendee haki pia wanaopinga, wapo Wakristo wa kweli wanaosimama kwenye 1 Wakorintho 6:19-20, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu na tumenunuliwa kwa thamani, na hiyo hoja mimi naiona ina nguvu kuliko ya Walawi. Mtu akisema "kwa ajili hiyo mimi sichori" namheshimu sana. Lakini hoja hiyo inamhusu anayefikiria kuchora kesho, haimhusu mtu aliyekuja kwa Yesu wino ukiwa umeshakauka miaka mingi. Wewe ulipobatizwa ulibatizwa na huo mkono ukiwemo.

Nenda kwa mchungaji wako, siyo mwenyekiti wa kwaya, mweleze yote. Ukitaka kuendelea na mikono mirefu ili usimkwaze mtu ni sawa, hiyo ni hiari yako kwa upendo, siyo adhabu. Na huyo mama aliyekuinua mkono, Mathayo 18:15 inasema mwenye kosa anaonywa "wewe na yeye peke yenu", kwa hiyo hata kama tatoo ingekuwa dhambi kubwa kiasi gani, alichofanya yeye siku ile hakikuwa halali, na natamani mchungaji amwambie hivyo.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 19, anataka kuchora msalaba kwenye kifundo cha mkono, anasema Wakristo wa zamani walifanya na mpaka leo wapo wanaofanya. Ananidanganya? Nimkataze?

JIBU: Salama mama. Hapo hajakudanganya. Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, wana desturi ya zamani sana ya kuchora msalaba mdogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, hata watoto wadogo wanachorwa. Ethiopia na Eritrea utakuta akina mama wenye msalaba kwenye paji la uso. Yerusalemu ipo familia ya Razzouk, asili yao Wakopti, wanaochora mahujaji kizazi baada ya kizazi, na wanazo mihuri ya mbao ya zamani ya kugongea mchoro kwenye ngozi kabla ya sindano kuufuata. Papa Fransisko naye Machi 2018 alipokutana na vijana alisema tusiogope tatoo, akatoa mfano wa hao Waeritrea wenye misalaba usoni, ila akaonya juu ya kuzidisha.

Historia hiyo ina upande wa pili lakini. Kaisari Konstantino, mtawala wa Roma, kama mwaka 316, alikataza wafungwa kuchorwa alama usoni kwa sababu uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Na Mkopti anapochora ule msalaba anajua anajitambulisha katika nchi ambayo Wakristo ni wachache na mara kadhaa wameuawa kwa imani yao, hawezi tena kuuficha mkono wake siku mbaya ikifika. Muulize kijana wako, je na yeye anachora akiwa tayari kujulikana hivyo, mpaka mahali ambapo atatamani asijulikane? Akikujibu vizuri hapo, mimi nisingemkataza. Ningemwomba asubiri mwaka mmoja. Kama ni imani, mwaka ukiisha bado atautaka.

Akifika kuchora, sindano ifunguliwe mpya mbele ya macho yake, wino umiminwe kwenye kikopo kipya, mchoraji avae glovu, maana homa ya ini B na C na hata VVU vinapita kwenye sindano chafu. Kama akijikata kidogo anaota kovu kubwa lililovimba, basi aachane nayo kabisa, msalaba utavimba vilevile. Na ajue kwamba sehemu nyingi atasubiri miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuchangia damu.

SWALI: Mtumishi nina tatoo ya nyoka begani. Mhubiri mmoja kaniambia hilo ni agano la damu na kuzimu, tena ni chapa ya mnyama, nilete sadaka maalum alivunje. Naogopa hata kulala.

JIBU: Kaka, lala. Chapa ya Ufunuo 13 inahusu watu wanaomsujudia mnyama, inawekwa mkono wa kuume au kwenye paji la uso na bila hiyo mtu hanunui wala hauzi. Begani mwako hakuna kitu kama hicho. Sura ya 7 ya kitabu hichohicho watumishi wa Mungu nao wanatiwa muhuri kwenye vipaji vya nyuso, kwa hiyo swali la Ufunuo ni unamwabudu nani. Kama ulipochora ulikuwa unamtolea mganga au roho fulani kitu, tubu hilo kwa kulitaja wazi, limekwisha. Kama ulichora kwa sababu ulipenda ule mchoro, hakuna agano lolote hapo. Na hata kama kungekuwa na hati iliyoandikwa dhidi yako, Wakolosai 2:14 inasema Kristo "akaiondoa isiwepo tena, akaigongomea msalabani".

Hiyo sadaka usipeleke hata senti moja. Maombezi hayauzwi. Ukiona hofu haijaondoka, mtafute mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini, mkae naye aombe na wewe, na akianza kutaja bei ondoka.