Je, kunywa juisi tupu kwa wiki nzima kunaweza kurekebisha ulaji mbovu? Haya ndiyo niliyoyapitia

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kwa muda mrefu sasa jioni zako zinaishia kwenye chipsi mayai na soda, kwamba asubuhi unatoka nyumbani bila kutia kitu tumboni, na kwamba umeona tangazo la watu wanaouza juisi za siku saba kwa ahadi ya kuusafisha mwili na kukuanzisha upya katika ulaji. Unauliza kama ulipe. Nimeipita njia hiyo mwenyewe, ila mimi nilizitengeneza juisi zangu nyumbani, Tabata, Dar es Salaam, kwa matunda na mboga nilizonunua sokoni Buguruni, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu katika ahadi ile yamechanganywa mambo ya kweli na yasiyo ya kweli, na ni vigumu kuyatenganisha mpaka mtu ayaangalie moja moja.

Kwa kifupi, juisi ilinizuia kula vibaya kwa siku zile nilizokuwa nikiinywa, lakini haikunifundisha kula vizuri. Kilichobadilisha ulaji wangu ni jambo nililoligundua nikiwa ndani ya siku zile, na jambo hilo mtu anaweza kuligundua akiwa ameshiba.

Nianze na hilo la kusafisha mwili, kwa kuwa ndilo linalouza. Muuzaji mmoja niliyezungumza naye kabla ya kuanza aliniambia kwamba juisi hutoa sumu, na nilipomwomba anitajie sumu mojawapo alijibu kwamba ni takataka zote zilizoganda mwilini. Mwili hauna takataka zilizoganda zinazongoja kuoshwa na bitiruti. Kazi ya kusafisha hufanywa na ini na figo, usiku na mchana, hata ukiwa umelala: ini huzivunja pombe, dawa na mabaki mengine mpaka yawe katika hali inayoweza kutolewa, nazo figo za mtu mzima mwenye afya huchuja majimaji yapatayo lita 180 kwa siku, karibu yote yakarudishwa kwenye damu na lita moja au mbili tu ndizo zikatoka kama mkojo. Viungo hivyo vinahitaji maji ya kutosha na chakula chenye mchanganyiko mzuri, navyo havipumziki kwa sababu mtu amenywa juisi. Ukiona mkojo umekuwa mwekundu baada ya glasi kadhaa za bitiruti, kama ulivyokuwa wangu, ujue kuwa ni rangi ya bitiruti inayopita, wala si damu wala si uchafu unaotoka.

Vivyo hivyo kuhusu kuumwa kichwa. Siku ya pili kichwa kilinigonga tangu asubuhi, na katika maelezo yanayosambazwa na wauzaji hiyo huitwa dalili njema, kwamba sumu zimeanza kutoka. Mimi ni mnywaji wa chai ya rangi, vikombe kadhaa kwa siku, na nilikuwa nimeiacha ghafla. Mtu aliyezoea kafeini akiikatisha kwa mara moja, kichwa huweza kuanza kumuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na maumivu huzidi siku ya kwanza na ya pili kabla ya kutulia. Ukiongeza njaa juu yake unapata kichwa kizito, hasira za haraka na mikono inayotetemeka kidogo. Nakusihi usiyachukulie hayo kama ushahidi wa kutakasika. Ni mwili unaodai vitu ulivyonyimwa.

Sasa nikueleze kilichonishangaza kuliko vyote, nacho nilikiona jikoni. Kwa glasi moja kubwa ya asubuhi nilikuwa nasaga karoti nne, nusu ya bitiruti, fungu dogo la mchicha na kipande cha tangawizi, kisha namimina kwenye chujio la kitambaa na kukamua kwa mikono. Juisi ilishuka nzuri, yenye rangi ya kupendeza, lakini kitambaani yalibaki makapi ya kujaza bakuli, makavu kiasi cha kushikana kama donge la unga uliokandwa. Makapi yale ndiyo nyuzinyuzi, ile sehemu ya mboga inayochelewesha sukari kuingia kwenye damu, inayolishibisha tumbo na kulisaidia liende choo. Mimi nilikuwa nayatupa huku nikinywa maji matamu, na nikawa sipati choo vizuri mpaka nilipoacha kuchuja. Karoti nne ukizitafuna zinakuchukua muda na zinakutosha. Ukizinywa zinapita kwa mafunda machache, na baada ya saa moja una njaa ileile.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu sukari, linaihesabu sukari ya juisi ya matunda katika kundi moja na ile tunayoitia kwenye chai, hata kama juisi hiyo imekamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote, na linashauri sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango cha juu ni gramu 50. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina gramu 20 hivi za sukari, wakati soda ya kola ya ujazo huohuo ina gramu kama 26. Pima mwenyewe: anayekunywa glasi sita za juisi ya matunda kwa siku, kama mipango mingi inavyoagiza, huenda akameza sukari nyingi kuliko alizokuwa akizipata kwenye soda anayoikimbia. Sisemi kwamba juisi na soda ni kitu kimoja, maana juisi ina vitamini na madini ambayo soda haina. Nasema kwamba kama ulaji wako mbovu umejengwa juu ya hamu ya vitu vitamu, wiki ya vinywaji vitamu haiwezi kuikata hamu hiyo.

Kuhusu uzito, utapungua, na utafurahi, kisha utarudi. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni, jumla yake ikifika nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu moja hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ukila kidogo mno kwa siku chache akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka, hivyo mzani unashuka haraka bila mafuta kupungua kwa kiasi hicho. Ukirudi kwenye wali na ugali, maji nayo yanarudi. Wakati huohuo protini inakuwa haba: mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 56 hivi kwa siku, na glasi ya juisi ya machungwa haifikishi hata gramu mbili, ilhali kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu kama 15.

Baada ya kusema hayo yote, niseme pia lile lililonifaa. Kwa kuwa nilikuwa nimejinyima, niliweza kuziona saa za hatari kwa uwazi ambao sikuwa nao. Asubuhi hamu ya chipsi haikunitesa, wala mchana kazini Posta. Kuanzia saa kumi jioni ndipo mambo yalipoharibika. Siku za kawaida nilikuwa natoka ofisini nikiwa sijala tangu saa saba mchana, nasimama kwenye foleni ya gari, naketi au nasimama ndani ya foleni nyingine ya barabarani, na ninaposhuka kituoni giza limeingia, na pale pale kituoni pana kijana anayekaanga chipsi. Jioni moja ya siku zile nilipita mbele yake bila nia ya kununua. Aliponiona tu, kabla sijafungua mdomo, alikwisha kugonga mayai mawili ukingoni mwa bakuli na kunisalimia kwa jina. Nilimweleza kwamba leo sili, akayaweka mayai pembeni kwa upole na kumhudumia mwingine. Nilibaki na jambo hilo njia nzima ya kwenda nyumbani, kwamba mlo wangu wa usiku ulikuwa unaamuliwa na kituo cha daladala na njaa ya muda wa saa tano au sita, wala si na ulimi wangu.

Ndipo nilipojua pa kushika. Nilianza kula asubuhi, kitu kizito kisicho na ufundi: viazi vitamu vilivyochemshwa au mihogo, pamoja na maharage yaliyobaki usiku, na chai yangu nikairudisha lakini nikaipunguzia sukari kidogo kidogo mpaka ulimi ukazoea. Mchana kwa mama ntilie nilimwomba anipunguzie ugali na kuniongezea mchicha na maharage, naye alikubali kwa bei ileile bila tatizo. Saa kumi, kabla ya kutoka ofisini, nakula ndizi mbili mbivu na karanga za kukaanga zinazotosha kiganjani. Hilo la saa kumi ndilo lililofanya kazi kuliko mengine yote, na kama utachukua neno moja tu katika maandishi haya, chukua hilo. Mtu anayeshuka kituoni akiwa na kitu tumboni huweza kuyapita mafuta yanayochemka na kwenda kula nyumbani. Jumapili tunachemsha sufuria kubwa ya maharage au choroko ili jioni za wiki pasiwe na kisingizio cha kukosa mboga. Chipsi sikuapa kuziacha. Tunakula Jumamosi, nyumbani, na kachumbari nyingi, na yule kijana wa kituoni bado ni rafiki yangu.

Wapo watakaokuambia kwamba anayefunga Ramadhani tayari anajua siri hii ya kuuanzisha mwili upya. Mimi nafunga kila mwaka, na kwa uzoefu wangu saumu ni ibada yenye makusudio yake, na mazoea ya kula hayabadiliki kwa sababu ya saumu peke yake. Ninayemfahamu akila futari kwa kiasi ndani ya mwezi ndiye huyohuyo anayekula kwa kiasi Shawwal, mwezi unaofuata, na anayejaza sinia la sambusa na kalimati kila magharibi hutoka na uzito zaidi ya alioingia nao.

Liko jambo moja ambalo halina mjadala, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kupita. Dada yangu mkubwa ana kisukari, na aliponiona nakunywa juisi alitaka tuanze pamoja. Bahati njema alikuwa na siku ya kliniki, akamuuliza afisa lishe, naye alimkataza papo hapo na kumweleza sababu zote mbili: juisi za matunda zingeipandisha sukari yake kwa kasi, na upande wa pili, kwa kuwa anameza vidonge vya kushusha sukari, kukaa bila chakula cha kutosha kungeweza kuishusha mpaka akazimia. Anayechoma insulini yuko katika hatari hiyohiyo. Vilevile mtu mwenye ugonjwa wa figo asijaribu kabisa, kwa kuwa juisi za machungwa, ndizi na majani mabichi zina potasiamu nyingi, aina ya madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Baadhi ya dawa za presha nazo huizuia isitoke. Mchicha na bitiruti vina oksaleti, kemikali ya asili ya mimea, kwa wingi, na kuvinywa vibichi kwa glasi nyingi kila siku kunaweza kuleta mawe ya figo na, kwa wengine, kuziumiza figo zenyewe. Anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe kiasi cha mboga za majani bila daktari wake kujua. Mjamzito, anayenyonyesha, na mtu yeyote aliyewahi kuwa na tabia ya kujinyima chakula mpaka akaugua, nao waiache njia hii.

Kama huna lolote kati ya hayo na bado moyo wako unataka juisi, sioni ubaya wa glasi moja kwa siku pamoja na chakula. Saga bila kuchuja, weka mboga nyingi kuliko matunda, usiongeze sukari, na tia parachichi ndani yake ili ikukalie tumboni. Hiyo itakugharimu fedha ya gengeni tu. Fedha uliyokusudia kuwalipa wale wa chupa za siku saba itanunua maharage, karanga, ndizi na mboga za majani za wiki kadhaa, na kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba usilipe.

Ila hukueleza kama unatumia dawa yoyote, wala kama uliwahi kupimwa sukari na presha. Tafadhali tujulishe hilo kwanza, na ututajie saa unayotoka kazini na mlo wako wa mwisho kabla ya hapo unakuwa saa ngapi. Nikiyajua hayo nitaweza kukushauri cha kubeba kwenye mkoba.