Maswali ya Wasomaji: Nitembee Wapi Lamu?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa Lamu kutoka Nakuru. Kule siku za mapumziko nilikuwa napanda Menengai, na jioni hapakosekani bustani ya kupunga upepo. Hapa naona vichochoro, punda na watu. Juzi saa kumi alasiri nilishika njia ya kijiji cha Shela kwa miguu, nikakuta bahari imefika ukutani. Nikarudi viatu mkononi, sketi imelowa hadi magotini. Kweli Lamu hakuna mahali pa kutembea?*
*Muuguzi, Langoni*

Marahaba mwanangu, na karibu Amu. Mahali papo tele, ila ulitoka wakati wa bahari kupita njia hiyo. Nimeangalia tarehe uliyoandika: ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya kwetu hujaa mno karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Ukihesabu wiki moja mbele utakuta mambo yamegeuka: saa kumi alasiri maji yametoka, tena ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Wiki hiyo ndiyo yako wewe unayetoka kazini jioni. Wiki za bamvua tembea asubuhi ukiwa na zamu ya usiku, au pita njia ya ndani, nyuma ya nyumba, ijapokuwa mchanga wake unachosha miguu. Usipotaka kuhesabu, muulize nahodha yeyote pale gatini. Atakujibu bila hata kugeuka kuitazama bahari.

Njia yenyewe ni kilomita tatu hivi. Toka gatini, elekea kusini, pita hospitali, endelea na ufuo. Kwa vijana ni dakika arubaini. Goti langu linadai saa nzima, nami silibishii. Toka maji yakiwa bado yanapwa, ili urudi kabla hayajakufuata. Na usiende mbio, kwa sababu maji yakitoka ndipo utaona mashua zimelala ubavu na mafundi wamechuchumaa chini yake wakitia kalafati: nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta zinagongwa kwa patasi butu katikati ya mbao mbili, ko, ko, ko, mpaka zizame zisionekane. Fundi hupitisha kidole gumba juu ya mshono, asiporidhika hugonga tena. Menengai hakuna hilo.

Ukishapita Shela, ufuo unaendelea kilomita kumi na mbili, bahari kuu upande mmoja na vichuguu vya mchanga upande wa pili. Ni pazuri, lakini hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, na ukienda mbali hakuna mtu wa kumwita. Usiende peke yako, na jua lisikukute huko likizama. Kuogelea pale mkondo wa Manda unapokutana na bahari kuu mimi sikushauri, hata kama umezoea bwawa.

Na ikiwa ni bustani tu unaitaka, ya kukaa kivulini na kutazama watu, nenda Mkunguni, mbele ya Ngome iliyomalizika kujengwa mwaka 1821. Kuna miti mikubwa, mahali pa kukaa, soko ubavuni, na wazee wanaocheza bao kwa kelele kuliko watoto wa shule. Bango la kukataza kukanyaga nyasi hutalikuta. Nyasi hazipo, na zingekuwepo punda wangezimaliza kabla rangi ya bango haijakauka.

*Mwalimu, wanangu walikuwa wanateleza juu ya vichuguu vya Shela kwa kipande cha jerikeni. Mzee mmoja akawafokea wakateremka wakilia. Mchanga wa Mungu una mwenyewe?*
*Mama wawili, Mkomani*

Dada, kufoka labda kulizidi. Lakini jambo alilolifokea ni la kweli, na linakuhusu wewe wa Mkomani kuliko hata yeye.

Maji ya bomba mnayokinga asubuhi yanatoka visima vya Shela. Mvua kubwa za Aprili hadi Juni zikinyesha juu ya vichuguu vile huoni mto wala kijito, kwa sababu mchanga unameza yote. Maji yanashuka yakichujika, mpaka yakutane na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Hapo yanasimama, maana maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Kisima kinachota katika tabaka hilo. Ukilipunguza kwa kuchota kupita kiasi, au kwa kujenga juu ya pale mvua inapoingilia, chumvi inapanda. Lamu haina mto wa kukimbilia.

Sasa jerikeni inaingiaje? Tazama ile mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau chini ya vichuguu. Imeushika mchanga kwa mizizi yake. Mguu ukiikata kila siku, upepo wa kusi ukivuma hakuna kinachozuia mchanga, unahama. Watoto wachezee ufuoni, ule mchanga ulio wazi unaolowa maji yakijaa. Hapo hawadhuru kitu. Wakitaka kuona mandhari kutoka juu, wafuate njia iliyokwisha kukanyagwa, mmoja nyuma ya mwenzake, na jerikeni ibaki nyumbani ikinge maji. Mimi naona wa kufokewa kwanza ni watu wazima wanaotaka kujenga juu ya vile vichuguu, kabla ya mtoto wa miaka saba.

*Tulikodi mashua kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Hatujakaa hata muda wa saa mbili, nahodha akatuhimiza turudi. Si alituibia muda wetu?*
*Kijana wa Wiyoni*

Hapana. Kule Takwa mashua inapita mfereji katikati ya mikoko ya Manda, na mfereji huo unapitika maji yakijaa tu. Mngekawia, mngelala na mbu. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mbu wake wanalingana.

Kosa lilikuwa saa ya kuondoka. Safari ijayo mwambie nahodha mwingie mferejini mara tu maji yakishatosha mashua kupita, kabla hayajajaa, mpate nafasi pande zote mbili. Mkishuka, lipeni kiingilio, kisha msianze na magofu kama wafanyavyo wageni wote. Shikeni kwanza njia ya mchanga inayokata kisiwa hadi upande wa bahari kuu, upepo ukiwa bado haujapanda. Mkirudi ndipo mtazame msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kaburi la mnara, na nyumba ambazo nyingi milango yake inaelekea kaskazini, upande wa Makka. Watu waliuhama mji ule karne ya 17, na mibuyu imejiotea humo. Nahodha akipiga ukelele, ondokeni hapo hapo. Picha mtapiga mashuani.